Dirisha la Pili

Jumanne, tarehe kumi na saba Juni, saa nne na robo asubuhi, mvua ya manyunyu ikianza na kuacha na kuanza tena kama mtu asiyejua anachotaka, mwanamke mmoja mwenye kuchechemea alifungua lango langu bila kubisha hodi. Akapanda barazani, akakiweka kitabu changu mezani kando ya kikombe cha chai, akasema:

"Hiki ni chako. Na mimi nirudishie changu."

Nilimwuliza ni kipi chake nilicho nacho.

"Jina."

Wasomaji walio nami tangu juma la kwanza la makala haya wanajua nilivyofika kwenye meza ile. Nilikuwa mwendesha mashtaka kwa maisha yangu yote ya kazi, nikastaafu na sifa ya kutopoteza kesi na ya kutopata rafiki. Mahakamani waliniita Kifungu, kwa kuwa sikuweza hata kuagiza chai bila kutaja kifungu cha sheria. Baadaye niliandika kitabu juu ya kesi yangu kubwa kuliko zote. Nimekwisha kusimulia jinsi mchapishaji alivyochora kisu chenye damu jaladani ilhali marehemu alipigwa kwa mti wa kutolea mikate tanurini, jinsi alivyozifuta tanbihi zangu zote, na jinsi gazeti moja lilivyokisifu kitabu changu cha kweli tupu kwa kukiita riwaya. Nilidhani hayo ndiyo majanga. Kumbe yalikuwa rasharasha tu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana mmoja mwenye kiwanda cha mikate, ambaye nitamwita Mwokaji, alimwua mshirika wake alfajiri katika ua wa ghala la unga. Mashtaka yangu yalisimama kwa mguu mmoja: shahidi aliyeona kwa dirisha. Ndugu wawili wa Mwokaji walikuwa wametangaza koridoni mwa mahakama kwamba atakayesema ataingizwa tanurini, aokwe mpaka aive. Kwa hiyo shahidi wangu alikaa nyuma ya pazia, naye karani akayarudia majibu yake kwa sauti yake mwenyewe, hata mshtakiwa asijue kama anayemponza ni mwanamume au mwanamke.

Nilimwapia shahidi huyo kwamba maadamu yu hai, hatatajika kwa kinywa changu. Nililelewa katika shule ya bweni yenye kengele ya alfajiri na maji ya baridi, na pale tulifundishwa kwamba neno la mtu ndilo vazi lake. Akilivua, yu uchi mbele za watu. Sijapata kulivua.

Ndiyo maana kitabuni nilimvika shahidi wangu sura ya kubuni. Nilimfanya mwanamke, fundi cherehani, mwenye kuchechemea, anayepanga chumba kilichoelekeana na ghala. Niliionea fahari kazi ile. Mchapishaji alisema kwamba ule mguu ndio uliompa shahidi uhai.

"Mguu wenyewe ndio huu," alisema mgeni wangu, akaunyoosha mbele ya kiti.

Nilimweleza, kwa utulivu, kwamba haiwezekani. Mchoro wa mpelelezi, ulioidhinishwa na mahakama, ulionyesha kwamba chumba kile ni stoo.

"Nashona ndani ya hiyo stoo tangu hujamfunga huyo mtu. Hukufika kutazama?"

"Mwendesha mashtaka hafiki mahali pa tukio, mama. Huletewa mchoro."

"Na mwandishi?"

Hapo sikuwa na kifungu.

Akanieleza mambo yake bila kulia, jambo lililonisumbua kuliko kilio. Wateja walikuwa wamekuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, vingine vikiwa na mkono mmoja tu. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kumsalimia kwa mbali. Kiwandani hawamwuzii mkate. Na kila siku mama yake Mwokaji, ajuza anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Tanuri, huteremsha kiti chake, akakiweka upande wa pili wa barabara, akalikazia macho dirisha lake toka asubuhi hadi jioni. Hasemi neno.

"Nani atakubali kupimwa kiuno huku anatazamwa kama maiti?" aliuliza fundi. "Na huyo mama si kitu. Wanawe ndio ninaowaogopa. Wananisubiri tu nikubali."

Alichotaka kilikuwa kidogo. Jumamosi ile mchapishaji alikuwa amekodi ukumbi nikisome kitabu mbele ya watu, na ndugu wa Mwokaji walikwisha kutangaza kwamba watakuwapo.

"Simama useme si mimi. Maneno mawili, mzee. Kitabu kizima umekijaza maneno, haya mawili yatakushinda?"

Nilimwahidi kutafakari. Akaniambia nitafakari haraka, akaondoka, na kitabu akakiacha.

Sasa naandika nisilopata kuliandika. Niliyemwapia amekwisha kufa, tena kifo chake mwenyewe, kitandani, na kabla ya hapo aliniruhusu. Shahidi wa nyuma ya pazia alikuwa Mama Tanuri.

Naam. Ajuza yule yule wa kiti. Mama mzazi wa mshtakiwa aliona kwa dirisha la jiko lake, juu ya kiwanda, mwanawe akiua mtu asiye na silaha. Akawaaga wanawe wawili waliobaki kwamba anakwenda kumwuguza dada yake, akaja mahakamani kwa mlango wa nyuma, akasema alichokiona. Sijapata kuona ushahidi ulionyooka kama ule. Kisha akarudi nyumbani kuwapikia chai wale walioapa kumwoka shahidi.

Jumatano nilikwenda kuuona mtaa niliouandikia kitabu. Wahakiki walikuwa wameusifu uoni wangu. Nikagundua kwamba barabara niliyoiita pana ni nyembamba kiasi cha watu kupeana chumvi dirisha kwa dirisha. Kwamba ghala nililolichora kuwa la mawe ni la mabati. Na kwamba madirisha yanayotazama ua ule ni mawili tu, la fundi na la jiko la Mama Tanuri. Kuta nyingine zote hazina hata tundu. Vumbi la unga lilikuwa limetanda kila mahali, hata juu ya viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimevipaka rangi asubuhi.

Mama Tanuri alikuwa kitini pake. Wanawe walikuwa mlangoni mwa kiwanda, aproni zao nyeupe, mikono imekunjwa.

"Usinitazame mimi," alisema kwa sauti ya chini nilipomkaribia. "Tazama dirisha la fundi." Kisha akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Una uso gani wa kufika hapa, wewe mla watoto wa watu?"

Nikalitazama dirisha la fundi. Nyuma ya kioo kulikuwa na gauni la bluu lisilo na mwenyewe.

"Umekunywa chai?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilijibu kwamba nimekunywa. Nikamweleza lililonileta: fundi anaangamia kwa jambo asilolifanya, nami nataka anifungue kiapo changu, walau kwa kiasi cha kusema kwamba si fundi.

"Na ukishasema si fundi, wanangu watahesabu madirisha. Watafika ngapi?"

"Mawili."

"Nilidhani hamfundishwi hesabu huko." Akapaza tena: "Mungu akupe unachostahili!" Halafu, polepole: "Sikiliza, mwanangu. Tangu kitabu chako kitoke, wale wawili wanalala. Zamani walikuwa wanakaa mezani kwangu wanataja majina: labda fulani, labda fulani. Kila jina nilikuwa nasubiri langu. Sasa wamempata mtu wao, wametulia."

"Wametulia juu ya mgongo wa mwanamke asiye na kosa."

"Atahama. Watu huhama."

"Hiyo ni haki, mama?"

Lori la unga likapita, likatupaka sote.

"Haki ni mambo yako. Mimi yangu niliitoa siku ile. Nilikutolea mtoto. Unataka na kingine?"

Nikaupangusa unga wa lori begani.

"Uliniapia," alisema.

"Niliapa."

"Basi ondoka kwa hasira, wanaona."

Niliondoka kwa hasira. Haikuwa kazi ngumu.

Nyumbani, mke wangu alikuwa akisahihisha hesabu za mjukuu wetu. Alizifundisha hesabu mpaka alipostaafu, na hajaacha kusahihisha watu. Nilimweleza habari ya fundi peke yake, nikalihifadhi la Mama Tanuri. Alisikiliza, akauliza swali moja: ua ule unatazamwa na madirisha mangapi?

"Mawili."

"La fundi, na la?"

Nikainamia kikombe changu cha chai. Mke wangu akaiweka kalamu mezani.

"Ala," alisema taratibu. "Maskini mama wa watu. Usiniambie kitu, mzee, kiapo chako kibaki kizima. Kunywa chai yako."

Usiku wa kuamkia Jumamosi nilifikia uamuzi ambao wanafunzi wenzangu wa bweni wangeufanyia kikao. Niliamua kudanganya. Ningesema kwamba shahidi alikuwa mlinzi wa ghala, mzee mmoja aliyekwisha kufariki bila ndugu wala jamaa. Marehemu hachomwi tanurini. Fundi angerudishiwa jina lake, Mama Tanuri angebaki na siri yake, na mimi ningebaki na uongo mmoja tu katika maisha, kama doa dogo upande wa ndani wa kanzu.

Mke wangu alinionya huku akinifunga tai.

"Wewe kudanganya hujui. Siku ya posa ulimwambia baba yangu kwamba pua yangu ni kubwa lakini tabia ni njema."

"Ilikuwa kweli."

"Ndiyo ninachosema."

Ukumbi ulijaa, viti vikaisha, watu wakasimama ukutani. Mchapishaji alinong'ona kwamba fitina ya mtaani ni baraka kwa mauzo. Mstari wa mbele walikaa ndugu wawili wa Mwokaji, wamevaa suti, na kati yao mama yao. Fundi alikaa nyuma karibu na mlango, peke yake, viti vya pembeni mwake vikiwa vitupu ingawa watu walikuwa wamesimama.

Nilisoma sura ya kwanza. Nikapigiwa makofi. Kisha fundi akasimama, na ukumbi ukageuka mzima mzima kama shamba la alizeti.

"Nina swali," alisema. "Aliyekaa nyuma ya pazia ni mimi?"

"Si wewe," nilijibu.

Maneno mawili. Yalinitoka kwa urahisi kwa kuwa yalikuwa kweli, na laiti ningekomea pale. Lakini mwendesha mashtaka hawezi kuacha hoja bila kuifunga. Nikaendelea. Nikawaambia kwamba fundi wa kitabuni ni wa kubuni, kwamba namwomba radhi mama huyu mbele ya wote, na kwamba shahidi wa kweli alikuwa mlinzi wa ghala, marehemu, Mungu amrehemu.

Minong'ono ikapita ukumbini. Niliuona uso wa fundi ukilegea kama kamba iliyofunguliwa. Mama Tanuri alikuwa akitazama mikono yake.

Ndipo kaka mkubwa wa Mwokaji alipoinuka. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye adabu ya kutisha. Mkononi alikuwa na kitabu changu, kimekunjwa pembe kila baada ya kurasa chache.

"Mzee Kifungu, mimi si msomi," alisema. "Nimesoma kitabu kimoja tu maishani, hiki chako, ila nimekirudia mpaka mke wangu ananicheka. Naomba niwasomee watu sura ya sita."

Nilikumbuka sura ya sita kabla hajafungua kinywa.

Akasoma, polepole, kwa sauti ya mtu anayekanda unga: "'Utetezi ulijaribu kumtupia mlinzi kosa. Nilimthibitishia Mheshimiwa Jaji, bila chembe ya shaka, kwamba alfajiri ile mlinzi alikuwa amelazwa wodini, dripu mkononi, asiyeweza hata kusimama.'" Akafunga kitabu. "Kwa hiyo alisimama dirishani kwa miguu ya nani?"

Watu wakacheka. Nimesikia vicheko vingi mahakamani, na vingi nilivisababisha mimi. Kumbe vinasikika tofauti kutoka upande wa pili wa kizimba.

Nilisema jambo kuhusu tarehe. Nikasema jambo jingine kuhusu kumbukumbu za hospitali. Kaka mkubwa alinisubiri nimalize, kama nilivyokuwa nikiwasubiri watu wajinyonge wenyewe.

"Mlinzi hakuwapo, umethibitisha wewe," alisema. "Fundi si yeye, umesema sasa hivi, na safari hii nilikuwa nakutazama machoni, hukudanganya. Basi mimi najiuliza tu. Ua wetu nimezaliwa humo. Madirisha yanayouona..."

Akasita. Niliiona fikra ikimwingia, ikitafuta pa kukaa, na yeye akiikatalia. Kichwa chake kikaanza kugeuka, kidogo kidogo, kuelekea kiti kilichokuwa ubavuni pake. Mama Tanuri hakuinua macho. Mikono yake ilikuwa imeshikana, na ingawa ilishikana bado ilitetemeka.

"Acha kuwahangaisha watu," ilisema sauti kutoka nyuma. "Ni mimi."

Fundi alikuwa amebaki amesimama muda wote ule. Hakuwa akinitazama mimi wala kaka mkubwa, bali ile mikono ya ajuza.

"Tumesikia ulikwenda kwake kudai si wewe," alisema kaka mkubwa. "Ukasimama hapa kuuliza kama ni wewe."

"Kwa sababu naogopa. Wewe ungekuwa ndiye mimi, hungeogopa? Mzee wa watu nilimlilia anisaidie, akajaribu kunisaidia, na kudanganya hajui, wote mmeona. Nilikuwa nashona. Nikasikia kelele. Nikatazama. Nikasema nilichoona. Haya, basi."

Katika kazi yangu nimewasikia watu wakikana walilolitenda, kila siku, kwa viapo. Mtu kukiri asilolitenda sikuwa nimepata kumsikia. Au kama alikuwapo, nilimfunga. Wajibu wangu kwa ukweli ulinitaka nifungue kinywa. Wajibu wangu kwa kiapo ulinitaka nikifunge. Shule haikutufundisha kipi hutangulia. Nikakifunga, na kukifunga kwangu kukawa ndiyo ushahidi wa mwisho nilioutoa hadharani.

Mama Tanuri aliinuka. Akamgeukia fundi, akainua kidole, akamwita mchawi aliyemfungisha mwanawe, maneno mazito ambayo ukumbi ulitarajia kuyasikia. Aliyatamka yote mpaka mwisho. Sauti ilimkatika mara moja tu, na waliokuwapo walidhani ni uchungu wa mzazi. Hawakukosea.

Fundi aliyapokea kama mtu anayepimwa nguo.

Nje, mawingu yalikuwa yamepasuka na jua limewaka juu ya madimbwi. Kaka mkubwa aliniaga kwa mkono. Kisha akamwendea fundi pale ngazini, akamwinamia kidogo, kwa adabu ile ile.

"Jumatatu tutapita kwako, mama. Mimi na mdogo wangu."

"Njooni na vitambaa," alijibu fundi.

Yule hakucheka. Akamshika mama yake upande mmoja, mdogo wake akamshika upande wa pili, wakateremka naye barabarani kwa uangalifu kama watu waliobeba mayai. Mama Tanuri hakugeuka nyuma.

Nilipobaki na fundi, nilivua kofia. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomvulia mtu kofia asiyekuwa jaji.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Nimejua pale pale. Majuma yote haya ananikazia macho, nilifikiri ananichukia. Kumbe alikuwa ananiomba." Akarekebisha mkoba wake begani. "Mimi wakinifukuza nitahama na cherehani. Yeye atahama na nini?"

Nikamwambia kwamba nina deni lake. Nilikuwa nimeliandaa sawasawa: nitakiondoa kitabu sokoni, nitamtafutia chumba mtaa mwingine, nitakwenda polisi mwenyewe Jumatatu asubuhi, nitasimama mlangoni pake. Nilitaja moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kama hoja za mwisho mbele ya mahakama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Jina nililokudai nimelitoa mwenyewe, kwa mtu mwingine. Wewe hukutoa kitu."

"Basi niambie nikulipe nini."

"Usinilipe. Sipokei." Alisema bila hasira, kama anayemrudishia mteja kitambaa kisichotosha. "Mtu akishalipa hulala. Kaa nalo, mzee."

Akateremka ngazi, mguu mmoja ukiutangulia mwingine, akaingia katika njia ile ile waliyoishika wale ndugu wawili na mama yao, kwa kuwa ya kwenda kwake ilikuwa hiyo moja tu.